Tuwaonyeshe vijana filamu za kauboi, zile za zamani

Kila kijana anapokamatwa na bunduki huku Lubero, mashariki mwa Kongo, hakosekani mtu wa kusema kwamba filamu ndizo zilizomharibu. Mchungaji husema hivyo, mwalimu hurudia, na mzazi ambaye hajawahi kukaa hata robo saa ndani ya sale ya video, ukumbi wa kuonyeshea filamu, huitikia kwa kichwa. Mimi nimekaa humo maisha yangu yote. Nimeona filamu kwenye shuka lililotundikwa na mapadri, nimeziona kwenye televisheni moja iliyozungukwa na watu waliobanana hadi mlangoni, na siku hizi naziona kwenye simu za wajukuu. Kati ya zote, ninazozipenda kupita kiasi ni filamu za kauboi za miaka ya 1950 na 1960. Nasema bila kuzunguka: hizo ndizo tungepaswa kuwaonyesha vijana wa Kasugho, na sababu yenyewe ni bunduki.

Wageni wanaijua Kasugho kwa gorila wa msitu wa Tayna na kwa chuo kikuu cha uhifadhi wa mazingira kilichojengwa hapa, mahali ambapo wengi hawakutarajia chuo chochote. Sisi wenyeji tunaijua pia kwa mambo mengine: barabara inayogeuka tope mvua ikinyesha, na watu wenye silaha wanaobadilika majina kila baada ya miaka michache. Mtoto wa huku hahitaji filamu ili aijue bunduki. Ameiona begani mwa mtu kabla hajajua kusoma. Linalobaki kuulizwa ni nani atakayemweleza bunduki hiyo inafanya nini.

Woga wa kauboi haukuanza kwetu. Wabeljiji walikuwa nao kwanza. Mwaka 1945 serikali ya kikoloni ilipiga marufuku Waafrika kuona filamu yoyote ambayo haikupitishwa kwa ajili yao, kwa dhana kwamba Mwafrika hawezi kutenganisha mchezo na kweli. Wamisionari wakaamua kutengeneza filamu zao za kutuadilisha. Kule Kasai, padri Albert Van Haelst alituletea Matamata na Pilipili, wachekeshaji wawili waliokuwa ndugu wa mbali wa Laurel na Hardy. Watu walicheka, ndiyo, lakini waliendelea kumtafuta mtu wa farasi.

Mjini Léopoldville, Kinshasa ya leo, vijana wa miaka ya 1950 walijiita Bills, kwa heshima ya Buffalo Bill. Walivaa jinzi na vitambaa shingoni, wakatunga lugha yao ya mtaani iliyoitwa Hindubill, na kila kundi likalinda mtaa wake. Padri mmoja wa shirika la Scheut, Joseph de Laet, alizoeana nao hata wakamwita Père Buffalo. Mwanahistoria wa Kikongo Ch. Didier Gondola aliwaandikia kitabu kizima, Tropical Cowboys, mwaka 2016, wala hakuwapaka mafuta. Pamoja na ubunifu wao walipigana, na wasichana wengi waliumia mikononi mwao. Ghasia za tarehe 4 Januari 1959 zilipoutikisa ukoloni, Bills nao walikuwa barabarani. Dar es Salaam ya miaka hiyo nayo ilikuwa na makauboi wake wa mtaani, na wazee wake walilalamika kama wa kwetu.

Kwa hiyo wanaosema kauboi aliharibu vijana wana ushahidi wao, siukatai. Ila nautazama kwa jicho jingine. Vijana wale walipata nini hasa kutoka kwenye filamu? Waliona picha zilizokatwakatwa na wakaguzi, zenye maneno ya kigeni ambayo wengi hawakuyafuata, ndani ya ukumbi uliojaa kelele. Ukiyaondoa maneno ya filamu ya kauboi, kinachobaki ni kofia, ngumi na mwendo wa kujitanua. Wakachukua kofia na mwendo. Kisa chenyewe hawakupewa, na hakuna mkubwa aliyekaa nao baada ya taa kuwashwa.

Nitaanza na Shane ya mwaka 1953, ambayo sisi wa Kongo tuliijua kwa jina la Kifaransa, L'Homme des vallées perdues. Mfugaji tajiri aitwaye Ryker anataka bonde zima liwe malisho ya ng'ombe wake. Wakulima wadogo wamejenga humo, kila mmoja na nyumba yake ya mbao, uzio wake na bustani yake. Ryker anasema yeye alifika kwanza, alimwaga damu kwa ajili ya ardhi ile. Wakulima wanasema sheria imewapa haki. Niambie, nani wa Lubero au wa Masisi anayehitaji mkalimani hapo? Kesi za makonsesyo, za mwenye karatasi na mwenye jembe, tunazo tangu wakoloni. Watu wamefia mipaka ya mashamba huku kwetu, si siasa za Kinshasa tu.

Kisha inafika siku ya tope. Mkulima mmoja, Torrey, mtu mfupi mwenye majivuno, anakuja mbele ya kilabu cha pombe. Pale barazani, juu ya mbao kavu, anatembea Wilson, muuaji wa kukodiwa, anayechezwa na Jack Palance. Wilson anatembea taratibu, anavaa glavu yake. Torrey yuko chini barabarani, buti zinateleza, kila hatua ni kazi. Wilson anamchokoza kwa maneno mpaka mkono wa Torrey unakwenda kwenye bastola. Wilson anatangulia kuichomoa yake, halafu anatulia. Torrey naye anasimama, bastola haijainuka bado. Kwa nukta chache hakuna kinachotokea. Ndipo risasi inalia, na Torrey anarushwa nyuma, anaanguka chali topeni kama gunia.

Ni kweli alivutwa: mwongozaji George Stevens alimfunga mwigizaji kamba ili avutwe kwa nguvu, na mlio wa bastola akaukuza mpaka ukawa kama wa mzinga. Hakufanya hivyo kwa mbwembwe. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia Stevens aliongoza kikosi cha wapiga picha wa jeshi la Marekani, akaingia kambi ya Dachau mwaka 1945 na kuzipiga picha maiti alizozikuta. Aliporudi nyumbani hakutaka tena risasi iwe kitu cha kuchezea. Alitaka anayeketi ukumbini ashtuke kama anavyoshtuka mtu aliye karibu na bunduki ya kweli. Sisi tuliowahi kuusikia mlio huo usiku tunajua kwamba alipatia.

Stevens haishii hapo. Torrey anazikwa. Majirani wanapanda kilimani, wanasali, na mbwa wa marehemu anakwaruza jeneza linaposhushwa. Baadhi ya wakulima wanataka kufunga mizigo waondoke, na inabidi waongee, wabishane, waamue. Kifo cha mtu mmoja kinachukua nafasi katika filamu, kama kinavyochukua nafasi katika kijiji. Linganisha na Commando ya mwaka 1985, iliyozunguka katika sale zetu za video kwa miaka mingi. Arnold Schwarzenegger anaangusha watu kundi zima ndani ya dakika chache na hakuna hata mmoja anayezikwa. Hakuna mama anayelia, hakuna mbwa, hakuna shamba lililobaki bila mwenyewe. Hizo ndizo filamu ambazo wapiganaji wengi Afrika walichukua humo majina yao ya vita. Huwezi kuiweka Shane na Commando katika kapu moja kwa kuwa tu zote zina bunduki.

Nenda sasa kwenye High Noon ya mwaka 1952, Le train sifflera trois fois kwetu. Ina dakika 85, na karibu zote zinapita bila risasi. Gary Cooper ni Will Kane, mkuu wa usalama wa mji mdogo, aliyefunga ndoa asubuhi hiyo na anayetaka kuondoka na mke wake. Inaletwa habari kwamba mhalifu aliyemfunga gerezani ameachiwa, na atafika kwa treni ya saa sita mchana. Wenzake watatu wanamsubiri stesheni. Kane anapita mji mzima kuomba msaada, huku saa ya ukutani ikionyeshwa tena na tena. Hakimu anafungasha vitu vyake na kuondoka. Rafiki mmoja anajificha chumbani na kumtuma mke wake aseme hayupo. Kanisani watu wanajadili kwa adabu sana, kila mmoja ana hoja nzuri, na mwisho wake hakuna anayesimama.

Nimeiona filamu hiyo na watu wa Butembo, mji wa wafanyabiashara wanaojua kufunga maduka yao siku ya ville morte, mji mzima unapogoma. Tukio la kanisani lilipofika, hakuna mtazamaji aliyepiga kelele. Kila mmoja alikuwa anamtafuta jirani yake kati ya waumini wale. Kuna tajiri anayesema vita hivi vitaharibu biashara. Kuna anayesema tumelipa kodi, basi serikali itulinde. Na kuna anayedhani kwamba akikaa kimya, shari itapita mlangoni pa mwenzake. Huku Beni na Lubero, ambako mauaji ya raia yamekuwa yakiendelea tangu Oktoba 2014, hoja hizo zote tumezisikia, na baadhi yetu tumezitoa.

Kuna tukio fupi katika filamu hiyo ambalo ningependa kila mzazi wa Kasugho alione. Kane akiwa peke yake, mvulana anamjia na kusema yuko tayari kupigana, ana miaka 16. Kane anamjibu kwamba ana miaka 14, anamshukuru, anamrudisha nyumbani. Mtu aliyeachwa na mji mzima, anayejua atakabiliana na wanne peke yake, anakataa msaada wa mtoto. Sisi tuliwaona kadogo, askari watoto wa mwaka 1996, wakipita na bunduki zilizowazidi kimo. Tangu hapo kila kundi limekuwa na watoto wake, na makamanda wao huulizwa mara chache sana. Will Kane anatoa jibu lake kwa sentensi mbili, bila hotuba.

Filamu hiyo iliwagombanisha wenyewe kwa wenyewe kule Marekani. Mwandishi wake, Carl Foreman, aliingizwa katika orodha ya waliotuhumiwa ukomunisti akahamia Uingereza. John Wayne aliichukia, na Howard Hawks alisema mkuu wa usalama hodari hawezi kuzunguka mji akiomba msaada. Wakajibu kwa Rio Bravo, mwaka 1959. Napenda kuwakumbusha vijana kwamba pande zote mbili za ugomvi huo zilifika kwetu Afrika. Fred Zinnemann, aliyeongoza High Noon, alikuja Stanleyville, Kisangani ya leo, mwaka 1958 kupiga The Nun's Story akiwa na Audrey Hepburn. Hawks na Wayne wakaenda Tanganyika, kandokando ya Arusha, kupiga Hatari! iliyotoka mwaka 1962. Walikuja na kamera, wakatutumia kama mandhari, wakaondoka.

Filamu ya tatu ni ngumu kuliko hizo mbili: The Searchers ya John Ford, mwaka 1956, La Prisonnière du désert. Wakomanchi wanaua familia na kumteka binti mdogo. Ami yake Ethan, ambaye ni John Wayne, anamtafuta kwa miaka. Kadiri filamu inavyokwenda ndivyo mtazamaji anavyotambua jambo la kutisha: Ethan hamtafuti ili amwokoe. Binti amekulia kwa watekaji, ameishi kama mke wa mmoja wao, na kwa Ethan huyo si damu yake tena, heri afe. Mwishoni anamfikia, anamnyanyua juu kwa mikono miwili. Tunadhani atamponda. Anamkumbatia, anamrudisha nyumbani.

Beni na Lubero zina watoto waliorudi kutoka porini. Kuna wasichana waliorudi na ujauzito, na wavulana waliorudi wakiwa wanashtuka kila mlango unapofungwa kwa nguvu. Wengine majirani zao waliwapokea kwa sala, wengine waliwapokea kwa minong'ono. Sijui hotuba ya mkutano gani wa upatanisho inayosema jambo hili kwa uwazi kama mikono ile ya Wayne. Mtu aliyejaa chuki anaweza kubadilika katika dakika ya mwisho, na anapobadilika, anayenusurika ni msichana.

Naijua hoja ya upande wa pili na ni nzito. Filamu hizi zilidanganya kuhusu wenyeji wa Marekani. Ziliwafanya watu waliokuwa wakitetea ardhi yao waonekane kama radi ya porini, na sisi tuliotawaliwa tukampigia makofi aliyewanyang'anya. Kauboi Weusi walikuwepo kwa wingi katika historia, lakini kwenye pazia hawakuonekana sana, mpaka watu kama Sidney Poitier walipoamua kuwarudisha kwa Buck and the Preacher, mwaka 1972. Wanawake wengi humo hawana kazi ila kusubiri dirishani, ingawa katika High Noon mke mwenyewe, Grace Kelly, mtu wa dini isiyoruhusu kuua, ndiye anayempiga risasi mmoja wa maadui. Yote hayo nayakubali. Ndiyo maana sisemi filamu hizi zirushwe tu na mlango ufungwe. Nasema zionyeshwe mbele ya wakubwa wanaoweza kuuliza: je, huyu Mkomanchi naye anasemaje? Bonde la Ryker na Torrey lilikuwa la nani kabla yao?

Mwafrika mmoja alikwisha kuliona tatizo la kofia bila kisa, na akalitengenezea filamu. Mwaka 1966 Moustapha Alassane wa Niger alitoa Le Retour d'un aventurier. Kijana anarudi kijijini kutoka Marekani na sanduku la nguo za kauboi, anawagawia marafiki. Mara wanaacha kuwa wana wa kijiji, wanakuwa genge: wanaiba, wanapigana, wanafukuza wanyama wa watu. Ni dakika 34 tu, na inachekesha mpaka inapoacha kuchekesha. Ningeianza programu yoyote ya Kasugho kwa filamu hii, halafu ndipo tuonyeshe Shane.

Programu hiyo inawezekana. Mjini Goma, kituo cha Yole!Africa cha mtengenezaji filamu Petna Ndaliko kilidhihirisha kwa miaka mingi kwamba vijana wa Kivu hukaa na kusikiliza filamu ngumu wakipewa nafasi ya kuzungumza. Ufundi wa kusimulia tunao vilevile. Kanda zilizosimuliwa kwa Kiswahili na Lufufu wa Dar es Salaam zilifungua njia kwa kizazi kizima cha wasimulizi. Kwa sauti zao bibi asiyejua Kifaransa wala Kiingereza alimfuata akteri, yaani shujaa, na shefu bandi, adui wake mkuu, bila kupotea. Kilichokosekana kwa Bills wa Léopoldville, yaani maneno, sisi tunaweza kuyaweka kwa Kiswahili na kwa Kinande. Baada ya filamu, wazee na vijana wakae wazungumze, kama watu wanavyozungumza kwenye kyaghanda, baraza la jadi la Wanande.

Usiku hautufai, kwa sababu ambazo kila mtu anazijua. Jumapili mchana inafaa, baada ya misa na ibada, ndani ya ukumbi wenye madirisha yaliyofunikwa mapazia mazito. Chuo kikuu chetu kina wanafunzi wanaoweza kusimamia projekta na jenereta. Parokia zina kumbi. Wenye sale za video wanajua kukusanya watu kuliko sisi sote, na wakishirikishwa hawatatuona kama washindani. Wanaoandika filamu za Kongo, kizazi kilichomfuata Mweze Ngangura wa La Vie est belle na kinachomwona leo Dieudo Hamadi wa Kisangani akifika hadi Cannes, nao wakaribishwe. Kisa cha bonde, ng'ombe na karatasi ya ardhi kiko hapa Lubero kinamsubiri wa kukipiga picha.

Kwa wachungaji na walimu ninao ujumbe mmoja. Mmewakataza vijana filamu kwa miaka mingi na hawakuacha kuziona, ila wanaziona wenyewe, kwenye simu, wakiruka maneno ili wafike kwenye risasi. Njooni mkae nao. Tuanze na Shane, na ikifika maziko ya Torrey mtu yeyote asiguse kitufe cha kupeleka mbele.